TCRS na Wakimbizi wa Ng'ambo ya Ruvuma

Huduma ya Kikristo kwa Wakimbizi Tanganyika, ambayo wengi huijua kwa herufi zake nne tu, TCRS, ilianzishwa mwaka 1964 na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani kwa kushirikiana na makanisa ya nchini. Kazi iliyokuwa ikiisubiri ilikuwa kaskazini magharibi. Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda yaliyoanza mwaka 1959 walikuwa wametapakaa Karagwe na Ngara, na wengine waliletwa kutoka Kongo ili wapewe ardhi Mwesi, katika nyanda za juu za Mpanda. Kusini hakukuwemo katika mpango. Lakini tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilianza vita vya ukombozi dhidi ya Wareno nchini Msumbiji, na muda si mrefu watu walikuwa wakivuka mto Ruvuma kwa maelfu. Shirika changa likajikuta lina kazi katika pembe mbili za nchi zilizo mbali kabisa: Ngara upande mmoja, Lindi na Songea upande wa pili.

TCRS ilifanya kazi kwa mkataba wa pande tatu. Serikali ilitoa ardhi, ulinzi na mkuu wa makazi, ambaye alikuwa mtumishi wake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitoa sehemu kubwa ya fedha. TCRS ndiyo iliyofyeka na kupima viwanja, ikachimba visima, ikafungua barabara, ikajenga zahanati na shule. Chakula cha miezi ya mwanzo kilitoka Mpango wa Chakula Duniani. Mkataba wenyewe ulikuwa na mwisho wake: makazi yakishajitegemea, kila kilichojengwa kilipaswa kukabidhiwa serikalini, na makazi yawe sehemu ya wilaya kama kijiji kingine chochote. Kipengele hicho cha makabidhiano ndicho kilichoipa kazi ya TCRS sura yake. Anayejenga zahanati akijua kwamba kesho itakuwa mali ya wilaya, huijenga mahali ambapo wilaya inaihitaji, na huchagua vifaa ambavyo wilaya itaweza kuvitunza. Utaratibu huo ulionekana kufaa, na mwaka 1967 Shirikisho hilo hilo liliupeleka Zambia, ambako lilianzisha huduma ya namna moja na ya Tanzania.

Nchi ya Songea waliyoingia wakimbizi ilikuwa imekwisha kuzoea wageni, mara nyingine kwa machungu. Wangoni wenyewe walikuja kutoka kusini ya mbali. Kundi la Zwangendaba lilivuka Zambezi mwaka 1835, likapanda hadi Ufipa, na baada ya kifo cha kiongozi huyo likagawanyika. Watu wa matawi yake walishuka mpaka Songea. Huko waliwakuta Wangoni wa Maseko, waliokuwa wametangulia kwa kupitia Msumbiji na kuuvuka Ruvuma. Waliokuwepo kabla ya wote hao, Wandendeule na wengine, walitekwa au walisukumwa pembeni, na wengi wao baadaye wakahesabiwa kuwa Wangoni. Mto nao haukuwahi kuwatenga watu kama ramani inavyoonyesha. Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, inayouangalia mji wa Songea, huzunguka kwa mbali na kushuka kusini kabla ya kuwa mpaka. Kando zake mbili walikaa Wayao, Wanyanja, Wamakua na Wamakonde, waliooleana, waliohamishiana mashamba na kuzikana. Miaka mingi kabla ya 1964, vijana wa ng'ambo walivuka kwenda kufanya kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Kwa hiyo wengi waliokuja wakikimbia vita hawakuja kwa watu wasiowajua.

Peramiho ilikuwa kitovu cha huduma katika nchi hiyo. Misheni ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss, Mbenediktini wa Mtakatifu Otilia, magharibi ya Songea, mwendo usiofika kilomita 30 kutoka boma la Wajerumani. Mwaka 1905 vita vya Majimaji viliiteketeza. Spiss mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa askofu wa Dar es Salaam, aliuawa Agosti mwaka huo huko Mikukuyumbu akiwa njiani kwenda Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga wakuu wa Kingoni mjini Songea, wakachoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Kumbukumbu ya njaa hiyo ilikuwa bado hai kwa wazee wa Ungoni mwaka 1964, na mtu asiyeijua hawezi kuelewa vizuri namna vijiji vilivyowapokea watu waliofika na watoto migongoni bila chakula.

Misheni ilijengwa upya. Mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia yenye jimbo lake, na kati ya 1943 na 1948 kanisa kubwa linaloonekana hadi leo lilijengwa kwa mikono ya mafundi wa hapo hapo. Vita vya Msumbiji vilipoanza, abasia chini ya Abate Eberhard Spiess ilikuwa na hospitali, shule, karakana za useremala na ufundi chuma, na kiwanda cha uchapaji ambacho vitabu vyake vya Kiswahili vilisomwa nchi nzima. Hii ilikuwa nchi ya Wakatoliki, na kando ya Ziwa Nyasa palikuwa na Waanglikana wa tangu zamani. Walutheri walikuwa wachache mno. Shirika la Kilutheri kuja kufanya kazi hapo, kwa fedha za Umoja wa Mataifa, likiwahudumia Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu wa Kiyao, ni jambo linalostahili kukumbukwa kwa heshima.

Waliokimbia walikuwa na sababu zilizo wazi. Jeshi la Wareno lilichoma vijiji lililovishuku kuwalisha wapiganaji, na wanavijiji waliobaki wakakusanywa katika vijiji vya ulinzi vilivyozungushiwa ua. Familia zilivuka usiku, kwa mitumbwi au kwa miguu penye vina vifupi wakati wa kiangazi. Mzigo ulikuwa sufuria, mkeka, jembe na mfuko wa mbegu kwa aliyebahatika kuuokoa. Waliowapokea kwanza walikuwa wanavijiji wa upande wa Tanzania. Lori lolote la msaada lilikuta tayari watu wamegawiwa muhogo, wamelazwa katika vibanda vya jikoni na wameonyeshwa kisima. Taarifa za mashirika huanza hesabu siku malori yalipofika. Historia ya huduma kwa wakimbizi kusini mwa Tanzania inapaswa kuanza na hao wenyeji ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mzigo ulipozidi uwezo wa vijiji, serikali ilitenga maeneo. Rutamba, mkoani Lindi, ndiyo iliyotangulia. Zikafuata Matekwe upande wa Nachingwea, Lundo kando ya Ziwa Nyasa, Mputa upande wa mashariki ya Songea, na Muhukuru, kusini ya Songea, kwenye njia inayotoka Likuyufusi karibu na Peramiho na kuteremka hadi mpakani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakimbizi wa Msumbiji nchini Tanzania walikuwa zaidi ya 50,000. Si wote waliokubali kuhamia kwenye makazi. Wengi walibaki vijijini mpakani kwa ndugu zao, wakilima pamoja nao, na hao hawakuhesabiwa vizuri wala hawakupata mgawo.

Makazi kama Muhukuru yalianza na pori la miombo. Familia iliteremshwa na kuonyeshwa kiwanja chake kando ya barabara iliyokuwa imekwisha kukatwa, na nyuma ya kiwanja ndiko shamba lilikokuwa, au tuseme mahali ambapo lingekuwa. Ilipewa jembe, shoka, panga, blanketi, sufuria na mbegu. Kazi ya kwanza ilikuwa kujenga kibanda cha miti na nyasi, ya pili kuangusha miti kabla ya mvua za Desemba. Visiki viliachwa vioze ardhini, na mahindi yakapandwa katikati yake. Muhogo ulipandwa mapema kuliko yote, kwa sababu unavumilia, na kwa sababu mtu aliyekwisha kukimbia mara moja anapenda chakula kinachoweza kukaa ardhini kikamsubiri. Usiku ulikuwa wa kulinda, maana nguruwe pori walikuwa wengi, na mchana ilikuwa zamu ya watoto kuwafukuza nyani. Mgawo wa unga, maharage na mafuta uliendelea hadi mavuno, kisha ukapunguzwa kidogo kidogo. Lengo lilikuwa kwamba familia ifikie mahali pa kujilisha, halafu iwe na ziada ya kuuza.

Kipimo hicho, kwamba makazi yahesabiwe kuwa yamefanikiwa siku mgawo unapokoma, kilikuwa cha haki na kilikuwa kigumu. Mvua moja mbaya iliweza kurudisha nyuma kazi ya miaka miwili. Wajane, wazee na watoto waliotenganishwa na wazazi wao hawakuweza kuangusha miti. Hapo ndipo ujirani ulipofanya kazi ambayo mkataba haukuitaja: watu wa kijiji kimoja cha ng'ambo, waliokuwa wamejipanga kukaa jirani hata makazini, walilimiana kwa zamu na kupika pombe ya kazi kama walivyofanya kwao.

Maji yalikuwa mtihani mwingine. Kisima kifupi kilichochimbwa Mei kinaweza kukauka Oktoba, na makazi ya watu maelfu hayawezi kutegemea kijito ambacho zamani kiliwatosha wawindaji wachache. Visima virefu vya pampu ya mkono vilikuja baadaye, na utunzaji wake ulidai watu waliofunzwa kubadilisha ngozi na vyuma vya pampu bila kusubiri fundi kutoka mjini. Kwa afya, zahanati ya makazi ilitibu malaria, minyoo, kuhara na vidonda, ikahudumia wajawazito na kuchanja watoto. Kwa ugonjwa uliozidi uwezo wake, hospitali mbili za kutegemewa upande huo wa nchi zilikuwa ya serikali mjini Songea na ya Wabenediktini Peramiho. Safari ilikuwa ndefu, na wakati wa masika barabara ya udongo mwekundu iliweza kuifunga kabisa.

Huduma hizi hazikuwekewa uzio. Mwenyeji aliyekaa karibu alichota maji kwenye kisima kile kile, akampeleka mtoto wake kwenye zahanati ile ile, na akauza kuku wake kwenye soko la makazi. Katika wilaya zilizokuwa zimesahaulika tangu ukoloni, kufika kwa wakimbizi kulileta barabara na shule ambazo wenyeji wasingezipata kwa miaka mingi. Hilo lilizuia chuki. Pale ambapo mgeni analishwa na mwenyeji anatazama, urafiki wa mwaka wa kwanza hauvuki mwaka wa tatu. TCRS ililijua hilo mapema na ikajenga kwa ajili ya wote wawili.

Kulikuwa na upande mgumu pia. Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi, iliyopitishwa katikati ya miaka ya 1960, iliipa serikali mamlaka makubwa juu ya mahali mkimbizi anapokaa, na kutoka kwenye makazi kulihitaji kibali. Tanzania ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, tangu 1963, na watu wa Msumbiji walipokewa kama ndugu wa mapambano. Hata hivyo ndugu hao walipaswa kuomba ruhusa ya kwenda mnadani. Serikali ilikuwa na sababu: mpaka ulikuwa uwanja wa vita, mabomu ya ardhini yalikuwa yakitegwa, na wapelelezi wa Wareno walikuwepo. FRELIMO nayo ilikuwa na madai yake kwa watu hao, kwa wapiganaji, wabeba mizigo na chakula. TCRS ilikaa katikati ya mambo hayo kwa kushikilia kazi za kiraia: mashamba, maji, afya na shule. Shule za makazi zilifundisha kwa Kiswahili kama shule nyingine za msingi, huku FRELIMO ikiwa na shule yake ya sekondari Bagamoyo kwa ajili ya wale iliowaandaa kwa uongozi.

Miaka hiyo hiyo Songea ilikuwa na jaribio jingine la kuwakalisha watu upya. Litowa, kijiji kilichoongoza Umoja wa Maendeleo Ruvuma, kilikuwa na shamba la pamoja, shule yake na uongozi wa wanakijiji wenyewe, na Mwalimu Nyerere alikitaja kama mfano wa ujamaa. Septemba 1969 umoja huo ulivunjwa na chama tawala. Makazi ya wakimbizi hayakuwa na madai makubwa kama ya Litowa; kila familia ililima shamba lake. Yaliachwa yaendelee, na pengine unyenyekevu wa malengo yake ndio uliomsaidia mkimbizi kuvuna bila kuguswa na mabishano ya siasa.

Mapatano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba 1974 yalimaliza vita, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Wakimbizi walianza kurudi hata kabla ya sherehe. Wengine waling'oa milango na mabati wakavichukua. Waliokuwa na mazao shambani walisubiri mavuno. Kurudi huku kulikuwa kwa hiari na kwa furaha, jambo ambalo huduma kwa wakimbizi hulipata mara chache. Baadhi walibaki, kwa sababu ya ndoa, makaburi au mikorosho iliyokuwa imeanza kuzaa. Wakati huo Tanzania ilikuwa katika operesheni ya vijiji, na makazi yenye barabara, maji na zahanati yalikuwa tayari na kile ambacho vijiji vingi vipya vilikuwa bado vinakitafuta. Muhukuru na Rutamba leo ni majina ya kata za kawaida, na Muhukuru imo katika jimbo la uchaguzi la Peramiho.

Kwa TCRS, kazi kubwa ilikuwa imehamia magharibi. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yalileta Wahutu kwa makumi ya maelfu, na makazi ya Ulyankulu, Katumba na, kuanzia 1978, Mishamo, yalijengwa kwa mkataba ule ule wa pande tatu lakini kwa ukubwa ambao Songea haikuwahi kuuona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wanyarwanda wapatao 36,000 walipewa njia ya kuwa raia, na mwaka 1983 Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, ambayo UNHCR huitoa kwa huduma kwa wakimbizi.

Ruvuma ikarudi kwenye habari kwa huzuni. Vita vya waasi wa RENAMO dhidi ya serikali ya FRELIMO viliwatupa nje ya nchi watu wa Msumbiji wapatao milioni 1.7, wengi wao Malawi. Waliofika Tanzania walikadiriwa kuwa 72,000 hivi, na walivuka kwa njia zile zile za baba zao; baadhi walikuwa wamezaliwa Tanzania katika makazi ya vita vya kwanza. Sehemu kubwa ilikaa tena vijijini kwa ndugu. Wengine walipelekwa Likuyu, wakati huo wilaya ya Songea na leo Namtumbo, ambako makazi yalifunguliwa upya kwa jembe, mbegu na mgawo unaopungua. Vita hivi havikuwa na wimbo wa ukombozi wa kumtia mtu moyo. Watu walifika wamekatwa viungo, wamepoteza watoto njiani, na hawakujua wamlaumu nani. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na katika miaka miwili iliyofuata wengi walirudi.

Kilichofuata kiliibadilisha TCRS kabisa. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Hapakuwa na suala la viwanja vya mashamba. Ilikuwa maji, vyoo na mahema kwa mji uliozuka usiku mmoja. Serikali, ikiwa imechoka na kuona dunia imeiachia mzigo, ikabadili msimamo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilichukua nafasi ya ile ya miaka ya 1960, na wakimbizi wapya wakawekwa kambini, bila ardhi ya kulima, wakisubiri kurudi kwao. Mwaka 2006 TCRS ilijitenga na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani na kuwa shirika la Kitanzania linalojitegemea, huku Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na Jumuiya ya Kikristo Tanzania vikiwa waanzilishi wake. Ikaongeza kazi miongoni mwa Watanzania maskini vijijini, ikiendelea na wakimbizi mkoani Kigoma.

Ndiyo maana uzoefu wa Muhukuru una thamani kwa wanaofanya kazi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na ambayo baadaye ilipokea Warundi pia. Kijana aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ilipofunguliwa amekwisha kuwa mzazi, na bado chakula chake hutegemea michango inayopanda na kushuka kila mwaka huko Geneva na Roma, yaliko makao ya UNHCR na ya Mpango wa Chakula Duniani. Mkimbizi wa Muhukuru aliacha kupokea mgawo baada ya misimu michache. Tofauti hiyo haitokani na bidii ya watu, maana Wakongo na Warundi ni wakulima hodari. Inatokana na ardhi na sheria. Warundi wa 1972, waliopewa mashamba Katumba, Ulyankulu na Mishamo, walikuwa wakilisha masoko ya Tabora na Rukwa kwa miongo mitatu, na wapatao 162,000 kati yao walikubaliwa uraia mwaka 2010, wakaanza kupewa vyeti mwaka 2014.